Njia ya Maji ya Mama Dismasi

Bajaji iliposhuka mteremko wa Bangwe, mgeni aliyekaa nyuma alikuwa amekwisha kuuliza tena na tena kama walikuwa wamepotea. Regina, aliyebanana naye kiti kimoja pamoja na madumu yake matupu ya mawese, hakuona haja ya kumjibu. Mtu atapoteaje Bangwe? Huku mlima, kule ziwa, na katikati watu wanaojuana mpaka aibu zao. Isitoshe, mgeni huyo alimsalimia kwa Kirundi, akidhani kila mwanamke wa Kigoma mwenye kitenge na dumu ni Mrundi. Regina, Muha wa Bangwe, alimjibu "Marahaba," ingawa shikamoo hakupewa.

"Unakwenda kwa nani?" hatimaye alimuuliza.

"Bustani ya Amani, mama. Nimeambiwa pana chumba cha kupanga, na ndege wengi."

Samson, dereva, alicheka hadi bajaji ikayumba. "Mama Dismasi, si kwako huko?"

"Kwangu? Kwangu kulikuwa na mihogo. Huko ni kwa Anatoli."

Walipofika, mgeni alikiona kibao kwanza: BUSTANI YA AMANI, PICHA ZA HARUSI. Nyuma yake kulikuwa na uwanja wa majani mafupi, laini kama nywele za mtoto mchanga, umepangwa viti vyeupe vya plastiki. Upande wa chini ziwa lilimeremeta. Pembeni kabisa, kama ndugu maskini aliyealikwa harusini akaambiwa akae nyuma, palibaki kipande cha Regina: michikichi mitatu, jiko la mawe, pipa la kuchemshia ngazi, yale matunda mekundu ya mawese, na njia nyembamba ya kuteremkia majini.

Juu ya mchikichi mmoja alitua ndege mkubwa mweupe mwenye mabawa meusi na uso mwekundu. Akachuma ngazi kwa mdomo, akala nyama yake, akaiachia kokwa ianguke juu ya kiti cha bibi harusi.

"Yule ni tai!" mgeni alishangaa, mizigo ingali mikononi.

"Mwizi," Regina alisema. "Kwenu wezi mnawapa majina mazuri?"

Kipande kile hakukipata kwa kuokota. Alikuwa ameolewa Ilagala, na mumewe alipoleta mke wa pili bila hata kukohoa mlangoni, Regina alirudi kwa wazazi wake Bangwe akiwa na Dismasi mgongoni na sufuria kichwani. Baba alinuna. Mama alimwonyesha michikichi na njia ile, akasema, "Maji yapo, moto upo. Mwanamke anataka nini tena?" Tangu siku hiyo Regina alipika mawese akamsomesha mwanawe, akawazika wazazi wote wawili, na akawadharau watu wengi kwa zamu. Aliwadharau wanaokaanga dagaa kwa mafuta ya chupa. Aliwadharau wanaopika mawese kwa maji ya bomba. Kwake yeye mawese yasiyochemshwa kwa maji ya ziwa yalikuwa rangi tu. Bomba lilifika uani zamani, akalitumia kufulia.

Lakini aliyemdharau kuliko wote alikuwa mkwewe, Veneranda, mke wa Dismasi. Dismasi alikuwa amerudi Ilagala kulima, na Regina alipokwenda kuwatembelea alipewa wali uliopikwa kwa mafuta ya chupa, katika nyumba iliyozungukwa na michikichi. Hajaisahau sahani ile. Bangwe nzima ilikuwa imesimuliwa habari zake.

Kisha Anatoli, mdogo wake, akastaafu kazi ya ofisini Dar es Salaam na kurudi akiwa na kitambi na wazo. Kiwanja kilikuwa kimeandikwa jina lake, maana ndiye mtoto wa kiume. Aling'oa mihogo. Majani aliyaleta kwa treni, yamefungwa katika viroba vilivyoloweshwa, na Regina akauliza kama yalikatiwa tiketi. Akafunga pampu, akavuta maji ziwani, akamwagilia asubuhi na jioni kiangazi chote, wakati vilima vya nyuma vimekauka, vimechomwa moto, vimebaki vyeusi kama chungu. Katika pwani yote ile hapakuwa na kijani kingine cha kutafuna.

"Umetandika mkeka," Regina alimwambia. "Sasa subiri walaji."

Walikuja. Tumbili walikula maua ya waridi kabla hayajachanua. Anatoli akasimamisha sanamu ya kuwatisha, akaivika koti lake la ofisini na tai ya shingoni. Tumbili walikaa siku moja wakilitazama, siku ya pili wakalivua. Kenge alionekana akiota jua juu ya zulia jekundu la maharusi, mkia umenyooka, kama anayesubiri kupigwa picha. Kila mnyama alipojitokeza mgeni alitoka chumbani mbio, kashangaa, na Regina akiwa anakoroga pipa lake alimtazama kwa jicho la pembeni. Mtu amezunguka dunia, anajua lugha chungu nzima, halafu anapigiwa mluzi na tumbili anafurahi kama kapewa zawadi.

"Kwenu hakuna tumbili?" alimuuliza.

"Wapo, mama. Ila hawafiki bustanini."

"Basi kwenu kuna akili."

Habari ya kiboko ililetwa na wavuvi. Walimwona upande wa Katonga, peke yake, akisogea huku ufuko kwa ufuko. Anatoli alipoisikia alikwenda moja kwa moja kuitazama njia ya dada yake. Jumamosi ilikuwa na harusi, ya kwanza kubwa: Aurore, binti wa familia iliyotoka Burundi miaka mingi, anaolewa, na ukoo mzima unakuja kupiga picha.

"Dada, hapa tuzibe kwa waya. Kwa muda tu."

Regina aliweka chini mwiko. Hili alikuwa akilingoja tangu mihogo ing'olewe. Leo waya, kesho ukuta, keshokutwa michikichi inakatwa kwa kuwa inachafua viti.

"Kiboko!" alipaza sauti, ili Honorata, jirani wa upande wa pili wa ua, asikie bila kupata shida. "Njooni msikie! Anatoli kaota kiboko!"

Honorata akaja akifuta mikono. Samson, aliyekuwa kaleta viroba, akazima bajaji. Mgeni akatokeza mlangoni.

"Dada, wavuvi wamemwona."

"Wavuvi wanaona mengi wakishalewa. Nimeteremka njia hii tangu nikiwa na meno ya maziwa. Mama yangu kateremka, bibi yangu kateremka. Kiboko wamehamia Malagarasi huko, wana akili, hawataki kukaa na watu kama wewe. Kwenye ufuko huu wa ziwa, ua usio na njia ya maji ni jela. Sikiliza, na hawa wasikie." Akainua kidole. "Siku kiboko atakapopita njia hii, mimi nafungasha naenda kuishi kwa Veneranda. Nile wali wa mafuta ya chupa mpaka nife!"

Honorata alishika mdomo. "Mama Dismasi, hicho ni kiapo!"

"Ni kiapo."

"Mimi nitakupeleka," Samson alisema, "tena kwa upendo."

Anatoli hakubishana. Alikuwa mtu wa ofisi. Alingoja Regina aende sokoni Ujiji, akaziba njia kwa waya na nguzo. Ijumaa jua likizama Regina alichukua panga, akaukata waya huo katikati, akaukunja pande mbili vizuri kama anayefungua pazia. Alilala usingizi mtamu.

Alfajiri, ukungu ukiwa bado juu ya maji, alichukua ndoo na kuanza kuteremka. Njiani alikanyaga kitu laini. Akainama: kinyesi, kibichi, chenye nyasi ndani. Nyasi fupi. Alisikia mtafuno nyuma yake, taratibu, kama mtu anayechana kanga. Aligeuka.

Alikuwa katikati ya bustani, mkubwa kama bajaji ya Samson na mweusi kwa unyevu, mdomo uko chini, anakata majani ya treni safu kwa safu. Na Regina alikuwa amesimama kwenye njia, kati yake na ziwa.

Kila mtoto wa pwani ile anajua kwamba hapo ndipo mahali pasipofaa kusimama. Regina alilijua. Miguu yake haikulijua. Kiboko aliinua kichwa.

"Dada! Toka njiani!" Anatoli alikuwa mlangoni kwake, amevaa shuka. Badala ya kuingia ndani alikuja mbio, kitambi mbele, akamshika mkono, akamvuta wakaangukia nyuma ya mchikichi. Mnyama alipita kwa kishindo. Alilikumba jiko la mawe, akalipindua pipa, mawese yaliyochujwa jana yakamwagika mekundu mpaka kwenye waya uliokunjwa vizuri, na baadaye ukasikika mshindo mmoja tu wa maji.

Regina alikuwa wa kwanza kusema. "Umenivuta kama kiroba cha chumvi."

"Samahani, dada."

Kulipokucha wakaona yote. Majani yalikuwa yameliwa, yamechimbwa, yamekanyagwa, na kiboko, ambaye hutawanya mavi yake kwa mkia, alikuwa amevipaka viti vyeupe kuanzia mstari wa mbele hadi wa nyuma. Anatoli alikaa chini. Lakini ukoo wa Aurore ulipofika, badala ya kulalamika, walipiga kelele za furaha. Vijana walipiga picha na mashimo ya nyayo. Bibi harusi aliinua gauni akasimama ndani ya moja, mpiga picha akalala kifudifudi. Kabla ya adhuhuri Bangwe nzima ilikuwa pale, na watu wa Ujiji wanashuka. Bustani ya Amani haikuwahi kuwa na wateja wengi hivyo.

"Wajinga hawaishi," Regina alinong'ona. Alikuwa akiokota mawe ya jiko lake.

Honorata alikuja na macho yanayong'aa. "Mama Dismasi, eti kapita njia ipi?"

Umati ukasogea karibu. Samson alikuwepo. Mgeni alikuwepo. Waliomwona mnyama ni wawili tu, na nyayo za njiani zilikuwa zimefutwa na mawese na miguu ya harusi.

Anatoli alimtazama dada yake, mikono yake ingali na tope. "Kapita kwa jirani," alisema. "Pale penye boma bovu. Njia ya dada haikuguswa. Waya niliukata mimi mwenyewe."

Regina aliliweka chini jiwe la jiko.

"Usinihurumie kwa uongo wa Dar es Salaam," alisema. "Kapita hapa. Waya nimekata mimi. Samson, washa bajaji."

Walimsihi. Anatoli alisema yalikuwa maneno tu. Honorata, aliyeanzisha, sasa alikuwa akilia kwa sauti. Regina alifunga vitenge, sufuria ile ile aliyokuja nayo, na dumu moja la mawese lililosalimika, maana hakuwa amekubali kufa kwa mafuta ya chupa mara moja.

Ndoo alimkabidhi mgeni. "Usiitie maji ya bomba. Na ukimwona yule mnyama, usimshangilie. Mnyama mzima anapanda kutoka ziwani kuja kula nyasi za kununua! Ana aibu gani tena?"

"Nitakuwa hapa ukirudi, mama."

"Hiyo ni juu yako."

Bajaji ikaanza kupanda mteremko kuelekea Ujiji, kwenye magari ya Ilagala. Samson alimtazama kwenye kioo.

"Utarudi lini, Mama Dismasi?"

"Siku Veneranda akijua kupika."

"Aa! Basi hatukuoni tena."

Regina aligeuka mara moja kutazama. Yule ndege mweupe alikuwa amerudi mchikichini anakula ngazi zake bila mtu wa kumtukana, Anatoli alikuwa akiunyoosha waya, na mgeni alikuwa bado amesimama langoni na ndoo mkononi, hajui pa kuiweka.