Uzi wa Tano wa Mama Dobi

Mama Dobi alikuwa na dharau za aina mbili. Ndogo aliwawekea wateja waliomletea shati lenye doa la wino wakaapa kwamba ni maji tu. Kubwa aliwawekea wanamuziki, na hao aliwajua kwa kuishi nao, maana kwa miaka ishirini na sita alikuwa akiipigia besi bendi ile ile, kwa gitaa lile lile la nyuzi nne, tangu kiongozi wa bendi alipokuwa bado ana nywele.

Balaa lilianzia kooni mwa mwimbaji. Uzee ulimshusha sauti, zile za juu hazifikii tena hata asimame kwa ncha za vidole, ila yeye akauita uzee wake mtindo mpya. Nyimbo zote zikateremshwa. Besi ya nyuzi nne ikafika chini ikakuta ngazi zimekwisha.

"Dada," kiongozi akamwambia huku akitazama viatu vyake mwenyewe, "kwenye harusi ya Jumamosi uje na nyuzi tano. Ukikosa, shemeji ndiye atakayeshika besi. Na kuanzia hapo itakuwa yeye."

Shemeji, ndugu wa mke wa kiongozi, alikuwa na gitaa la nyuzi tano linalong'aa kama jeneza la tajiri. Alijua kulifuta vumbi kuliko kulipiga.

"Huyo?" Mama Dobi akasonya. "Ataishika besi kama mtu aliyeshikishwa mtoto wa watu."

Mdomoni alikuwa na jeuri, moyoni hakuwa nayo. Pasi ilimlisha. Besi ndiyo iliyomfanya aone wiki ina mwisho.

Kesho yake asubuhi akafunga kibanda, akaenda duka la vyombo vya muziki. Muuzaji alikuwa mwanamume wa makamo aliyevaa miwani ya jua ndani ya nyumba.

"Karibu bibi. Unamtafutia mjukuu zawadi?"

"Mjukuu wangu anapiga mluzi, hanigharimu kitu. Na bibi kamwite aliyekuzalia mama. Nataka besi ya nyuzi tano ya kupigia jukwaani, kwa bei ya mtu anayefanya kazi."

Muuzaji akateremsha moja ya buluu, akamkalisha kwenye kigoda, akachomeka waya kwenye spika ndefu kumshinda yeye. Duka likatetemeka.

"Umesikia utamu huo?"

"Nimesikia spika. Hapo hata ukichomeka sufuria itaimba. Chomoa. Lete mkanda."

"Mkanda wa nini, mama, na umekaa vizuri?"

"Wewe umeona wapi bendi ya harusi imekaa?"

Ujinga huo aliuona kwa wapiga besi chungu nzima: wanachagua gitaa wamekaa, halafu wanakwenda kuteseka nalo wamesimama. Yeye aliyesimama mbele ya meza ya pasi kutwa nzima alijua bega linasema nini ikifika saa ya tatu. Akalivaa lile la buluu, akaachia mikono yote miwili. Shingo ya gitaa ikainama taratibu, kichwa chake kikagonga kaunta.

"Linasinzia," akasema. "Mkono mmoja ulizuie lisilale, nitapiga kwa mguu?"

La pili, jeusi, lilisimama vizuri, lakini uzi wa tano ulipwaya kama kamba ya kuanikia iliyolegea, na kamba za kuanikia hakuna wa kumfundisha.

"Tutaukaza," muuzaji akasema.

"Ukiukaza si sauti ile tena. Uzi mnene, shingo fupi. Kalinunue wewe."

Kwenye kona lilikuwapo la mtumba, la kahawia, limeunguzwa na sigara ubavuni.

"Hilo sikushauri, mama. Halina hata sura."

"Wewe unayo. Imekusaidia nini?"

Akalivaa, akaachia mikono. Likatulia. Akaweka sikio kwenye mbao bila umeme, akauvuta uzi wa tano. Sauti ikatoka moja, safi, ikakaa. Hapo akasimama nalo karibu na mlango saa nzima, wateja wakimzunguka.

"Mama, unanizibia mlango!"

"Harusini nasimama saa nne nzima. Wewe nimekupunguzia."

Mwisho ndipo akaruhusu lichomekwe, kwenye spika ndogo kuliko zote. Likamtosha, na bei akaimudu.

Aibu ikamkuta mazoezini. Kidole gumba chake, kwa miaka ishirini na sita, kiliegemea uzi wa juu kabisa na kuhesabu kutoka hapo. Sasa uzi wa juu ni mgeni, ndio huo wa tano, na kila alichopiga kikawa kimekosea kwa uzi mmoja. Shemeji akacheka mpaka akashika ukuta.

Siku hiyo Mama Dobi alijidharau mwenyewe, kazi asiyoizoea. Nyumbani akakata kipande cha kitambaa kigumu cha kola, akakipachika chini ya uzi wa tano pale gumba linapotua. Kila gumba likigusa kitambaa, linajua limefika kwa mgeni, linasogea. Akarudia na kurudia, mashati ya watu yakingoja.

Jumamosi mchana shemeji alisimama pembeni ya jukwaa, gitaa lake begani, tayari kuitwa. Hakuitwa. Besi ilikwenda bila kujikwaa, na pale nyimbo ziliposhuka uzi wa tano ukazipokea, hata mwimbaji akaonekana kama anajua alichokuwa akifanya. Kwenye wimbo wa nne shemeji, aliyekuwa ameizuia shingo ya gitaa lake kwa mkono muda wote huo, akatafuta kiti.

"Mbona uzi wenyewe umeugusa mara chache hivyo?" kiongozi akauliza baadaye.

"Pasi yangu ina moto wa mwisho. Umeniona nikiupigia hariri? Na Jumamosi ijayo nikukute umenyoa hizo nywele tatu zilizobaki."

Jumatatu shemeji akaleta shati lake la harusi, bega la kushoto limekunjwa na mkanda vibaya sana. Akazungukazunguka, kisha akauliza: lile gitaa lake, Mama Dobi angemshauri alifanyeje?

Mama Dobi akalitandaza shati mezani, akalinyunyizia maji.

"Lipige," akasema. "Umekaa, nyumbani kwako, na mlango umefunga."