Adabu ya Fundi Kilian Kwenye Kona

Kwa miaka kumi na minne fundi Kilian alitoka Mpepai kila asubuhi kwa baiskeli kwenda kushona nguo Mbinga mjini, na mkewe Luisa hakuwahi kuiogopa safari ile. Hofu ilianza wanunuzi binafsi waliporuhusiwa kununua kahawa. Zamani lilikuwepo lori la chama cha ushirika tu, na kila mtu alijua linakata kona wapi. Sasa magari yalikata kona popote palipoonekana magunia.

Kilian alikuwa mtu wa adabu. Akisikia gari nyuma yake alijibana kando kabisa, kama anayempisha mzee njiani. Ndivyo alivyofanya siku lori lilipompita karibu na ghala moja jipya la kahawa. Alijibana kushoto, na lori nalo likakata kushoto kuingia ghalani. Matairi ya nyuma yakamsukumia mtaroni. Yeye aliinuka na kiwiko kilichochubuka; baiskeli ilipinda rimu.

Luisa akamsihi aache mji, ashonee barazani. Kilian akamjibu kwamba barazani atashona viraka vya majirani mpaka azeeke. Kazi yenye fedha, magauni ya komunyo, iko mjini.

Basi Luisa akajitwika ungo wa ndizi, akaenda kukaa mkabala na ile kona tangu asubuhi. Ndizi aliuza, ila macho yake yalikuwa kwenye matairi. Akaona jinsi lori linavyokwenda kwanza upande wa kulia, kama halina nia ya kukata, kisha matairi ya nyuma yanalamba ukingo wa kushoto, palepale mtu mwenye adabu anapojibana.

Jioni akamwambia mumewe, "Karibu na kona usijibane, Baba Lidia. Gari likiwa nyuma, shika katikati lisikupite. Likiwa mbele, baki nyuma yake mpaka likate."

"Watu watasema fundi anajivuna siku hizi, barabara yote yake."

"Waseme. Atakayebaki mjane ni mimi, si wao."

Kilian alicheka, lakini hakuahidi kitu. Kwa hiyo Jumamosi, rimu ikiwa imeshanyooshwa, Luisa alipanda keria ya baiskeli, wakaenda pamoja. Walipokaribia ghala, lori likapiga honi nyuma yao. Luisa aliyaona mabega ya mumewe yakianza kuvutwa kushoto kwa mazoea, akamfinya ubavuni. Kilian akabaki katikati. Dereva akapunguza mwendo, akatoa kichwa dirishani na kuuliza kama barabara ni ya baba yao.

"Hapana, ndugu yangu," Kilian akajibu kwa upole bila kugeuka. "Tunapita tu."

Wakaivuka kona. Lori likakata nyuma yao, na Luisa akageuka kuangalia matairi yakilaza nyasi za ukingoni. Ndipo alipoliachia shati la mumewe, lililokuwa limekunjamana mkononi mwake.

Kilian akarudi kando ya barabara, akiwaamkia wazee mmoja mmoja. Luisa akamwacha ajibane. Mpaka mjini hapakuwa na kona nyingine.