Karani Anayegeuza Skrini

Karani wa kliniki ya Kakuma ana kiwiko chenye kazi yake. Vidole vikimaliza kuandika, kiwiko kinasukuma skrini, nayo inazunguka juu ya habu, kile kitovu cha gurudumu, ya baiskeli kuukuu hadi imtazame mgonjwa. Maneno yake, kwa lafudhi ya Kikongo, ni yaleyale: "Soma, mama. Kama hujui kusoma, nakusomea. Huyu ni wewe?" Yeye hachoki, inayochoka ni habu, inayolia kama mbuzi aliyekanyagwa. Ekidor, karani wa kliniki ya Lodwar, alitumwa ajifunze siri ya kliniki hii inayosifiwa kwa kompyuta zake, na amebeba orodha ya mashine za kununua. Asubuhi nzima amekaa kwenye stuli akingoja kuonyeshwa mashine yenyewe. Kiwiko kikasukuma tena. Nyaduoth, mgonjwa aliyenyimwa dawa za kisukari wiki mbili, akasomewa jina lake, umri wake, kisha: "Amefariki."

"Nani? Mimi?"

"Pole, mama. Tulikuzika bila hata chai," karani akasema, vidole vikimfufua tayari. Foleni ikacheka. "Na kwenu, Bwana Lodwar, skrini inamtazama nani?"

Kwao inatazama ukuta. Ekidor akamkumbuka mzee wa Lokori aliyefuata dawa za presha mara tatu, akaambiwa mara tatu kwamba mfumo umemkataa. Akapiga simu ofisini kwao, akataja jina la mzee huyo.

"Huyo? Hapa imeandikwa marehemu."

"Marehemu alikuja Jumatatu," Ekidor akasema. "Mimi ndiye niliyemfukuza."