Vitumbua Vya Mlango wa Skuli

Mjukuu wangu akipika vitumbua, harufu ya iliki hunirudisha skuli, hapa hapa Deira, Uarabuni. Nyumbani "Mzanzibari" lilikuwa neno la kujidai. Skuli, wenzangu walilisema kwa Kiarabu, "Zinjibari," huku wamekunja pua, nami niliwaapia kwamba sisi Waarabu watupu.

Siku moja mama akatokea mlangoni na sahani ya vitumbua vya moto, kajitanda kanga, jasho linamtiririka.

"Nani huyo Zinjibari?" msichana mmoja mwenzangu akaniuliza.

"Mchuuzi tu," nikasema.

Mama alisikia. Nilidhani atanitia kofi. Akamgeukia yule msichana, akamwambia kwa Kiarabu kizuri kuliko changu: "Chukua, binti. Leo bure." Akavigawa vyote. Cha mwisho akanipa mimi, kama anavyopewa mtoto wa watu.

Jioni nikangoja anigombe. Akaniuliza tu, "Walivipenda?"

"Walivipenda, mama."

Leo nawafundisha wajukuu waseme "sisi Wazanzibari" vifua mbele. Sijawaambia kwamba kile kitumbua changu nilikitupa chooni.