Jicho la Maabara

Mjomba wangu alipima mafuta ya kupikia kwa miaka thelathini na moja, na kiwandani walimwita Jicho. Kazi yenyewe ukiitazama utadhani mchezo: mafuta kidogo kwenye chupa, spiriti, matone mawili ya dawa ya kuonyesha rangi, kisha unadondosha kostiki soda kutoka kwenye bomba la kioo, tone moja moja, huku ukitikisa. Pinki hafifu ikidumu nusu dakika, unafunga koki na kusoma umetumia kiasi gani. Soda ikienda nyingi, mafuta yamechacha, tangi zima linakataliwa.

Miaka miwili kabla ya kustaafu, Jicho akaacha kuiona pinki hafifu. Akawa anapitiliza. Alikataa matangi mawili mazuri, meneja akampandishia sauti, na la tatu lingemtoa kazini. Aliyemwokoa ni mama mfagiaji, aliyekuwa akipiga deki chini ya meza.

"Mzee, mbona ishakuwa pinki kitambo?"

Tangu siku hiyo mjomba alishika koki, mama akatazama. Akisema "Hapo hapo!" koki inafungwa. Hakuna tangi lililoleta lawama tena, na meneja akatundika picha ya mjomba ukutani.

Siku ya kumuaga, mjomba alisimama na jambo kifuani. Alitaka mama yule apewe meza ile; akinyamaza, atakuwa amekula jasho lake.

"Macho yangu yaliisha zamani," akasema. "Anayepima ni huyu mama hapa. Mpeni kazi."

Ukumbi ukacheka hadi machozi. "Mnaona unyenyekevu huo?" meneja akasema, akipiga makofi. "Jifunzeni!" Mimi, mfunga vizibo wa chumba cha pili, niliona aibu kwa niaba yao wote. Mama naye hakusahauliwa: alipewa ufagio mpya.

Meza ikaenda kwa msomi mwenye shahada mbili. Macho anayo, ila mkono wake una haraka. Akitaka tone moja, yanatoka matano. Wiki ya kwanza tu alikataa matangi mawili mazuri, naye akapandishiwa sauti.

Jumatatu nilipeleka sampuli, nikamkuta ameshika koki, jasho linamtoka.

"Mama, samahani," alimwambia mfagiaji kwa sauti ya chini. "Hii imefika?"

Mama akaegemea ufagio wake mpya, akaitazama chupa. Ilikuwa pinki hafifu, ile ile ya siku zote.

"Bado, mwanangu," akasema. "Ongeza."