Chumba cha watu wawili kule Uhispania

Leo nimemwambia mwenye hoteli Uhispania kwamba mimi na mume wangu bado tunakuja.

Mume wangu tulimzika theluji ikiwa bado chini.

Ilikuwa hivi. Nimetoka kazini asubuhi, nime-park hapa nyumbani Brooklyn Park, Marekani, simu ikalia. Ni yule mama wa hoteli, kwenye kamji tulivu ka pwani alikokachagua mume wangu, Baba Neema, mwenyewe. Alitaka tukae tu, tutazame bahari, bila mtu kutupigia tuje shift.

"Mlibook chumba cha watu wawili. Bado mnakuja?"

Nikasema, "Ndiyo, tunakuja wote wawili." Nikakata.

Yaani mdomo ulikataa kusema ile ingine.

Neema, binti yetu, alikuwa ametoka kunipokea mizigo. Alisikia yote.

"Mum, you have to tell her," akasema. Halafu akaongeza, "I'll go with you."

Basi nikapiga tena. Nikamwambia yule mama kwamba mume wangu alifariki, nitakuja na binti yangu. Akanipa pole. Kisha akaniuliza, kwa upole kabisa, kama atoe kile kitanda kikubwa atuwekee viwili vidogo.

Swali la kawaida tu, jamani. Lakini hapo ndipo nilipolia. Tangu niolewe sijawahi kuitisha kitanda cha peke yangu.

Neema akachukua simu, akamjibu polepole kwa Kiingereza, "Viwili."

Mliofiwa na wenzi wenu, niambieni. Safari ya kwanza, mlilalaje?