Tulivyotafuta Mlima Dar es Salaam

Napenda magari, mwanangu. Nalitamka leo kwa sauti kwa sababu nimelikana kwa muda mrefu mno. Petro alikana mara tatu akalia machozi. Mimi nilikana muhula baada ya muhula, nikapewa shahada.

Ujue, tulipokuwa chuoni Dar, zama za ruksa ndiyo kwanza zimeanza na bidhaa za nje zimefunguliwa mlango, msomi wa kweli alitakiwa ayadharau magari. Gari lilikuwa alama ya mabwanyenye. Basi niliandika insha ndefu ya kuwashambulia mabwanyenye, nikapata alama nzuri, na Jumamosi yake nikaenda kusimama karibu na geti la bandari kuangalia magari yao yakitoka. Wenzangu niliwaambia nakwenda maktaba.

Sasa nawe unashuka kutoka huku mlimani kwenda Dar kwa mara ya kwanza, na umeniuliza kwa aibu, kama mtu anayeulizia pombe ya mbege mbele ya padri, mpenda magari afanye nini katika mji ule. Umeuliza penyewe.

Kwanza, amka mapema uende upande wa bandari. Utaona magari yakitoka yana nailoni kwenye viti na maandishi ya Kijapani milangoni. Niliwahi kuona basi dogo lililochorwa sungura ubavu mzima, bila shaka lilikuwa la watoto wa chekechea wa huko kwao, na dereva wake mpya, mwanamume wa ndevu nzito, amekaa katikati ya sungura wale kwa heshima zote. Ukiombwa usaidie kusukuma, sukuma. Utaruhusiwa kuchungulia ndani. Ukitoka hapo nenda mtaa wa Gerezani, kwenye maduka ya spea. Gari zima hudanganya, ila likiwa vipande husema kweli. Kaa na mafundi, nunua kahawa, uliza maswali ya kijinga. Mtu hafi kwa kuuliza, na fundi hupenda kuulizwa kuliko kulipwa, ingawa usimjaribu kwa hilo la pili. Halafu alasiri nenda Magogoni uangalie magari yakitoka kwenye pantoni. Pale pana kamwinuko kafupi tu, lakini ndipo utakapowatambua madereva waliokulia tambarare. Usicheke kwa sauti. Mgeni ni wewe.

Hayo ni ya kustarehe. Lililo kubwa nilifundishwa na shangazi yangu Felista, siku moja ambayo naikumbuka kwa pua kuliko kwa macho: kila nikisikia harufu ya klachi iliyopata moto, siku ile hunirudia nzima nzima.

Shangazi aliishi Mkuu, Rombo. Kazi yake ilikuwa kukusanya ndizi za wanawake wa kijijini kwetu na kuziteremsha hadi sokoni Kiboriloni. Mwenye lori alikuwa mmoja tu, na mwenye kisu kikali ndiye mla nyama. Akiamka vibaya, haji. Akija, anachagua mkungu wa kupakia na wa kuacha. Wanawake walikaa barabarani tangu alfajiri na mikungu yao ya mishare, jua likapanda, ndizi zikaanza kuiva pale pale, na jioni walizirudisha nyumbani kuwalisha mbuzi. Ada ya shule ya watoto, ikaliwa na mbuzi.

Ndipo shangazi aliposema yatosha. Wakachanga fedha za kununua gari lao, haba na haba, mwaka baada ya mwaka, na yeye akatia shamba lake la kahawa kama dhamana kwa ndugu zake, wamkopeshe zilizopungua. Mwenye lori alipopata habari alicheka mbele ya watu wote wakitoka misa.

"Nunueni, mama zangu, nunueni," alisema. "Masika ikianza mtaniita. Na mimi nitakuwa na bei mpya."

Unaona kilichokuwa hatarini? Shangazi akichagua vibaya, hapotezi gari tu. Anawarudisha wanawake wote wale, kichwa chini, mikononi mwa mtu yule, na shamba linakwenda.

Akanituma mimi. "Wewe uko huko mjini," alisema, "na ni msomi. Zunguka kwenye mayadi ya magari, ukiona gari la kutufaa niite." Hakujua kwamba nilikuwa nimeshayazunguka mayadi yote bila kutumwa.

Nililiona gari Jumamosi iliyofuata. Lilikuwa jeupe, refu, la chini, limejinyoosha kama paka anayeota jua. Vioo vyake vilipanda kwa kubonyeza. Redio yake haikushika stesheni hata moja ya Tanzania, lakini ilikuwa na taa za kijani zilizocheza. Nilikaa kwenye usukani, nikafumba macho, kisha nikaenda posta kupeleka simu Rombo.

Shangazi alikuja kwa basi la usiku, amefuatana na Prosper, dereva wa Himo, mtu mkimya. Muuzaji wa yadi ile, bwana mmoja wa Tanga mwenye maneno ya asali, alitupokea getini.

"Shikamoo, mama. Karibuni sana, karibuni."

"Marahaba, mwanangu. Gari liko wapi?"

"Si hilo hapo, mama? Umeliegemea."

Shangazi aliliangalia. Hakugusa vioo wala redio. Alikunja khanga, akachuchumaa, akapitisha mkono uvunguni mpaka begani, kisha akainuka akijipangusa.

"Hapa hata kuku wangu hapiti," alisema. "Jiwe la kwanza tu la kule kwetu, hili limelala." Akanigeukia. "Mimi nilikutuma unitafutie gari. Wewe umejitafutia mchumba."

Prosper alicheka mpaka akakohoa. Nami, kwa ujinga wa aliyesoma nusu, nikajitetea kwa methali: "Lakini shangazi, kizuri chajiuza."

"Basi kijiuze kwa mwingine. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Ile kule nyuma ni nini?"

Nyuma kabisa, karibu na choo, ilisimama pikapu ya rangi ya uji wa ulezi. Mlango mmoja umebonyea, bampa limefungwa waya. Mara zote nilizofika pale nilikuwa nimeipita kama mtu anavyompita ndugu maskini harusini.

"Ile, mama, nisiseme uongo," muuzaji alisema, "inasemekana ilikuwa ya muuza samaki huko Japani."

"Kama imebeba samaki, ndizi hazitaidharau. Nionyesheni mlima."

"Mlima wa nini, mama? Zungusha hapa hapa barabarani. Lami tupu, safi!"

"Mimi siishi kwenye lami, baba."

Hapo nilipata nafasi ya kuokoa heshima yangu. Chuo chetu kiko juu ya kilima, na watu wa Dar wanapaita Mlimani. Nikawaelekeza kwa majivuno. Prosper aliendesha, tukapita mabweni, tukapita miti, tukafika karibu na ukumbi mkubwa. Shangazi alikuwa bado anatazama mbele.

"Haya, mlima uko wapi?"

"Tumeshaupanda, shangazi."

Alichungulia dirishani, kushoto na kulia. Mtu aliyezaliwa chini ya kilele cha Mawenzi hana lugha ya jambo kama lile. "Wapeni pole watu wa huku," alisema mwishowe. "Kila mtu na alichojaliwa. Sasa turudi chini tukatafute watu. Mlima mdogo unaongezwa mzigo."

Tulikwenda soko la ndizi. Shangazi alishuka, akapaza sauti kwa Kirombo, na kutoka nyuma ya mirundo ya mikungu wakachomoza wanawake kana kwamba ni saa ya ubatizo. Huyu wa Mkuu, yule wa Tarakea, mwingine aliolewa Marangu na bado anasikitika. Aliwaeleza shida yake kwa sentensi mbili. Wakaanza kupanda nyuma ya pikapu, kila mmoja na mkungu wake.

"Jamani, mama zangu!" muuzaji alilia. "Hii ni ya kujaribu tu, siyo harusi!"

"Baba," akajibu mama mmoja aliyekuwa mpana kuliko mlango, "harusi ndiyo ya kujaribu tu. Hii tunanunua."

Tulipanda kilima cha chuo hivyo. Shangazi alikaa nyuma pamoja na wenzake, ili, alisema, aisikie gari kwa makalio. Mimi nilibanwa mbele kati ya Prosper na muuzaji. Nyuma waliimba wimbo wa Noeli, ingawa tulikuwa katikati ya Kwaresima. Tulipofika mahali penye mwinuko mkali kuliko pengine, ngumi ya shangazi iligonga paa.

"Prosper! Simama! Zima kabisa!"

"Katikati ya mlima?" muuzaji akauliza.

"Kwani ng'ombe akilala barabarani huchagua mahali?"

Injini ikazimwa. Kimya. Pikapu ikashikilia, ikiguna. Na katika kimya kile nikasikia sauti ya mwenzangu wa kikundi chetu cha majadiliano, amesimama kando ya barabara na vitabu kifuani.

"Wewe! Si ulisema uko maktaba?"

"Niko kwenye utafiti!" nilijibu kupitia dirishani.

"Utafiti wa nini?"

"Wa ndizi!" walijibu wanawake kwa pamoja.

Prosper akawasha. Akaachia klachi taratibu, kwa mguu wa mtu anayembembeleza mtoto mgonjwa. Harufu ikapanda. Pikapu ikatetemeka, ikainua pua kidogo, ikaenda. Haikurudi nyuma hata upana wa kiganja. Vigelegele vilivyopigwa pale viliwatoa watu madarasani, na nadhani hakuna mhadhara uliowahi kushangiliwa hivyo katika kilima kile. Muuzaji naye alijikuta anapiga makofi, akasahau kwamba angeweza kupandisha bei.

Mwanangu, nilichokosea siku ile si kupenda uzuri. Penda uzuri, ndio chumvi ya maisha. Nilikosea kwa sababu nilichagua gari la barabara niliyokuwa nimesimama juu yake, nikaisahau barabara ya kule litakakoishi. Wanasema mchagua jembe si mkulima. Mimi nakwambia jembe lichague, ila ulichague ukiwa umefumba macho na kuliona shamba lako. Vivyo hivyo gari. Vivyo hivyo kazi, na huyo unayetaka kutuletea nyumbani. Usimjaribu kwenye lami. Mpandishe kilima, mpe mzigo wa kwenu, mwambie asimame katikati, kisha aanze tena. Akiondoka bila kurudi nyuma, lipa.

Hata hivyo nasaha hiyo ni nusu. Nusu ya pili sikuwa nayo mimi, wala baraka ninayokuachia si yangu. Mimi bado mchanga wa kubariki, ingawa magoti yangu yanabisha. Vyote viwili alivitoa shangazi kwa simu.

Walipoondoka na pikapu kwenda Rombo, mvua za masika zilikuwa zimeshaanza huko. Siku hizo simu haikukaa mfukoni. Ilikaa ofisini kwa mama mlezi wa bweni, na mtu alingoja aitwe. Nilingoja. Nilikwenda darasani nikarudi, nikauliza, hakuna simu. Chakula kilinishinda. Niliwaza mikungu barabarani, na mwenye lori akipanga bei. Hatimaye mlango ukagongwa: "Simu yako! Kuna mama anapiga kelele!"

"Shangazi, shikamoo!"

"Marahaba, mwanangu! Unanisikia? Niko posta Mkuu! Tuko wengi!" Nyuma yake niliwasikia, kila mmoja anamfundisha la kusema.

"Imepanda?"

"Ngoja, vuta subira! Kiboriloni tulifika mapema, tukauza mpaka mkungu wa mwisho. Kurudi, mvua. Himo mvua. Pale juu, kwenye kile kilima chekundu, ikawa kama tumemwagiwa mlenda. Basi sisi kwa adabu zetu tukashuka wote, kama tulivyozoea na lori, tukasema tuipunguzie mzigo."

"Ikapanda?"

"Ikakataa! Magurudumu ya nyuma yanazunguka, yanacheza tu, gari linaniendea migombani. Prosper jasho linamtoka. Na nyuma yetu nani? Lori lenyewe, linapiga honi. Nikasema nimekwisha mimi, shamba limekwenda."

"Ehe?"

"Nikakumbuka kule kwenu tulipanda tumejaa. Nikasema, hee! Kumbe hii gari haitaki kuwa peke yake! Nikawaambia, pandeni wote, kaeni nyuma kabisa, juu ya magurudumu. Wakaogopa. Nikapanda wa kwanza. Wakanifuata na matope yao. Mwanangu, tulipokaa tu, likashika udongo. Likashika! Likapanda kama mbuzi. Tumefika wote, hata sabuni tuliyonunua sokoni haikulowa."

Niliinamisha kichwa mezani, simu ikiwa bado sikioni. Mama mlezi aliniuliza kwa ishara kama kuna msiba.

"Sikiliza kabla hawajakata," alisema shangazi, na sauti yake ikashuka, ikawa ile ya sala. "Ukiona mlima unakushinda, usiwashushe watu wako. Wapandishe. Mungu akupe mlima wa kukutosha, mwanangu, na akujazie watu nyuma."

"Amina!" waliitikia wanawake wote wa posta Mkuu, na simu ikakatika.